Mama Kikapu wa Louisville

Vijana wangu, Jumamosi ile mliyonipeleka katikati ya jiji la Columbus kuona bustani ya historia, wakati wa kurudi nilikaa kimya ndani ya gari mpaka mkadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira kidogo, na hasira ya mzee ni afadhali aiandike, maana akianza kuisema anasahau katikati na kuomba chai. Pale mliingia bure. Hakuna lango, hakuna tiketi, hakuna mtu wa kupekua mikoba. Mkapita kwenye njia ya matofali dakika kumi, mkapiga picha za nyuso zenu wenyewe, kisha mmoja wenu, simtaji jina, akaniambia kwa Kiingereza kwamba hapa hakuna kitu, ni mawe tu. Tukaenda kula baga.

Mawe ya namna hiyo ndiyo yaliyonilisha miaka yangu yote ya kazi. Nilikuwa mtunzaji wa bustani ya historia huko Louisville, karibu na mto Ohio: kufagia, kuosha mawe, kukata nyasi, kuondoa theluji, kupaka nta sanamu. Katika kazi hiyo nilifanya makosa mengi, lakini mawili yalikuwa makubwa, na yote mawili yalimhusu mwanamke mmoja aliyekuwa anakaa kwenye benchi. La kwanza nusura linikoseshe kazi. La pili nusura linikoseshe mke, huyu huyu Mama Riziki anayewapikia sombe, yale majani ya mihogo, kila mnapokuja kwetu mtaani Northland. Ninyi mnamwona anacheka. Hamjui ilikuwa imebaki kidogo namna gani.

Bustani yenyewe haikuwa na ukuta. Zamani pale palikuwa na mtaa wa watu waliofanya kazi mtoni. Nyumba zilibomolewa, na walioitengeneza bustani wakaacha mistari ya misingi tu juu ya nyasi: hapa jiko, hapa chumba cha kulala, hapa mlango. Mawe yenyewe yanafika kwenye kifundo cha mguu. Sasa sikilizeni kitu nilichokitazama miaka na miaka bila kukichoka. Mgeni angeweza kuvuka mawe hayo popote, hata mtoto anaweza. Lakini mtu mzima na akili zake, na mkoba wake, na kahawa yake mkononi, atazunguka mpaka mahali palipoachwa nafasi ya mlango ndipo aingie. Wengine huinamisha kichwa kwa sababu ya mlango mfupi ambao haupo. Nilimwona bwana mmoja mwenye tai anapangusa viatu kabla ya kuingia.

Asubuhi, ukungu wa mto ukipanda, nikiwa peke yangu na ufagio, zile kuta zilikuwa zinarudi. Sisemi niliona mizimu, msinipeleke kwa mchungaji. Nasema ukifagia chumba kila siku, mwishowe unajua dirisha lilikuwa upande gani, na mama wa nyumba aliweka maji wapi. Palikuwa na chumba kimoja cha kona ambacho nilikifanya changu. Nilikiwekea kitanda chetu cha nyumbani Uvira, Kongo, meza yetu, redio ya baba mkwe, na Mama Riziki amekaa mlangoni anachambua mboga. Niliweza kusikia majani ya mihogo yakidondoka kwenye sinia. Halafu jua linatoka, ukungu unaondoka, na mimi nimesimama kwenye nyasi zilizolowa, na viatu vimejaa maji.

Maana wakati huo tulikuwa bado tunaishi mbalimbali. Vita vilitutawanya njiani. Mimi nikaangukia Uganda, yeye na binti yetu mchanga, Riziki, wakaangukia kambi ya wakimbizi Burundi, na mimi nikaletwa Amerika kabla sijajua kama wako hai. Habari kwamba wapo ilinikuta katika jiji la Buffalo, nimeshika koleo. Theluji ya Buffalo hutoka upande wa ziwa, inashuka polepole bila sauti, mpaka unasahau kwamba chini yake kuna jiji. Niliketi juu ya hiyo theluji na kulia, na watu wakapita pembeni wakidhani nimeteleza. Siku hiyo hiyo nikaanza kufuatilia faili la kuwaleta, na faili lile lilikuja kuchukua miaka saba.

Huko Buffalo nilijifunza pia kumwaga chumvi kwenye njia ili barafu iyeyuke. Tulimwaga kwa ndoo. Nilipohamia Louisville mwaka huo huo kuwafuata watu wa kwetu, nikaenda na tabia hiyo. Theluji ya kwanza ilipoanguka nikainua ndoo juu ya ile misingi, na Bwana Walter akanidaka mkono hewani.

Bwana Walter ndiye aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Louisville, mrefu, mtu wa maneno machache na kofia moja. Aliniambia, "Deo, haya ni mawe ya chokaa. Chumvi inayala. Unataka kumaliza kwa msimu mmoja kitu ambacho mafuriko yameshindwa?" Kwa hiyo na ninyi mkipata kazi kama hiyo: kwenye mawe ya zamani ni mchanga, si chumvi. Majani makavu yafagiwe kabla ya mvua, kwa sababu yakilowa yanaacha doa la chai ambalo halitoki. Chingamu usiikwaruze na kisu. Iwekee kipande cha barafu, uhesabu mpaka mia, itabanduka yenyewe. Hayo yote nilifundishwa na Bwana Walter, na karibu yote nilifundishwa baada ya kukosea.

Sasa tufike kwenye benchi. Katikati ya bustani palikuwa na sanamu ya shaba ya mama mmoja ameketi, na kikapu cha nguo miguuni, kukumbuka wanawake waliokuwa wakifulia watu nguo pale mtoni. Hakuwa na jina. Kibao kilisema tu kwamba wanawake kama yeye walikuwa wengi. Benchi lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja pembeni yake, wageni waketi wapige picha. Mimi nikamwita Mama Kikapu. Kwetu humpiti mtu mzima asubuhi bila kumsalimia, na mimi nilikuwa naanza kazi saa kumi na mbili, hapana mtu mwingine. Nikawa namsalimia. "Mama, umeamkaje?" Nasafisha benchi lake, nampangusa mavi ya njiwa kichwani, naendelea na kazi.

Nilikuwa na miezi michache tu kazini tulipoambiwa wageni wakubwa watakuja Jumatatu. Nikamtazama Mama Kikapu, nikaona aibu. Alikuwa na rangi ya kahawia iliyochafuka kijani, michirizi mashavuni, kama mtu aliyelia na hakunawa. Sasa mjue kwamba mimi nimekulia misheni. Nilikuwa mtumishi wa altare, na Masista walitufundisha kung'arisha vinara vya mishumaa kwa majivu yaliyochekechwa na ndimu. Kinara ambacho hakikuakisi uso wako, Sista alikurudisha nyuma, na Misa haikuanza. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo ya shaba, na niliiamini kuliko shahada.

Nikanunua ndimu mfuko mzima. Nikachota majivu kwenye jiko la kuchomea nyama la jirani. Jumapili, siku ambayo si ya kazi, nikatoka kanisani moja kwa moja mpaka bustanini, nikavua koti, nikaanza. Nilianza na mikono, nikapanda usoni. Nilisugua saa nne nikiimba. Watu walipita wakanisifu, mmoja akanipiga picha. Jioni Mama Kikapu alikuwa anang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikakaa pembeni yake, mabega yananiuma, nikajiona mtu.

Jumatatu Bwana Walter akaja, akasimama, akavua kofia.

"Deo. Umefanya nini?"

"Nimemsafisha, Bwana Walter."

"Wewe unaona ule ulikuwa uchafu?"

Nikamwambia ndiyo. Akazunguka benchi mara mbili. Akaniambia, taratibu, kwamba ile rangi ndiyo ngozi ya shaba, mvua na jua huitengeneza kidogo kidogo, watu hulipwa kuilinda, na mimi nimeichuna kwa ndimu. Halafu akauliza nani amenifundisha. Nikamweleza habari za Masista na vinara kwa Kiingereza changu cha wakati ule, na mikono ikisaidia. Nikaona mdomo wake unataka kucheka na macho yake hayataki.

Wiki ile ofisi iliketi kuamua kama nifukuzwe. Nilikuwa sili. Mtu aliyeshughulika na faili letu alikuwa ameniambia kwamba barua ya kazi ingesaidia, na mimi nikaona Mama Riziki na mtoto wanabaki Burundi kwa sababu ya ndimu. Bwana Walter akaingia mbele ya wakubwa, mimi nikiwa mlangoni, akasema, "Mimi nilimpa ufagio sikumpa maelezo. Mkimfukuza, andikeni na jina langu." Basi. Nilibaki. Fundi wa shaba akaja akamrudishia uso rangi yake kwa moto na dawa. Mikono akaiacha iendelee kung'aa, akasema wageni wataishikashika tu na itarudi vile vile.

Baada ya hapo Bwana Walter akanifundisha nta, na kwa nta hiyo mimi nilikuwa hodari, niacheni nijisifu. Nta haipakwi asubuhi, shaba ikiwa baridi. Unangoja adhuhuri, jua liipashe mpaka kiganja chako kisikie joto kama la mgongo wa mtoto aliyelala. Unapaka nyembamba kwa brashi, unaacha, unasugua kwa kitambaa cha shati la zamani lililofuliwa sana. Siku hizi wana mashine ya kupuliza hewa ya moto na wanamaliza kabla ya chakula cha mchana. Ni sawa. Ila mashine haiwezi kukuambia kwamba bega la kushoto limeanza ufa.

Na ile mikono, sasa. Miaka michache baadaye nilimsikia msichana anayetembeza wanafunzi akiwaambia kwamba mikono ya mama huyu inang'aa kwa sababu vizazi na vizazi vya wasafiri waliishika kuomba heri. Watoto wakapanga mstari kuishika. Nikainamia ufagio wangu nikafagia mahali palipokuwa safi. Historia nyingine, vijana wangu, ni Mkongo mmoja na mfuko wa ndimu.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili nililifanya kwa mdomo, na sikujua kama ninalifanya.

Nilikuwa nampigia Mama Riziki Jumapili kwa Jumapili. Hakuwa na simu yake. Alitumia ya jirani, spika imefunguliwa, watu wamepanga mstari nyuma yake wakingoja zamu, wote wanasikiliza. Katika hali hiyo mtu anaongea nini na mkewe? Huwezi kumwambia umemkumbuka, mstari mzima utapiga makofi. Kwa hiyo nilimwambia habari za kazi. Na kazi yangu ilikuwa nini? Nilimwambia, "Leo nimemsalimia Mama Kikapu, amepigwa na baridi, nimemfunga fulari shingoni." Nilimwambia, "Mama Kikapu nimemwosha leo, amependeza." Nilimwambia, "Chakula cha mchana ninakula pale pale nimekaa naye." Nilidhani namchekesha. Hata mara moja sikusema kwamba ni sanamu. Kwangu lilikuwa jambo la wazi, kama vile mtu asivyoongeza kwamba jiwe ni jiwe.

Kwetu mwanaume anayetaka kuongeza mwanamke huanza hivyo hivyo. Hasemi. Analitaja jina kidogo kidogo, leo kwa mzaha, kesho kwa huruma, mpaka jina linazoeleka ndani ya nyumba kabla mwenye jina hajafika. Mama Riziki alisikia hayo. Mstari wote nyuma yake ulisikia hayo. Na mke mwenye heshima hawezi kumuuliza mumewe swali la namna hiyo kwenye simu ya watu. Akawa ananijibu, "Ni sawa." Mimi namsimulia, yeye "Ni sawa." Nikafikiri mtandao ni mbaya.

Siku walipofika uwanja wa ndege wa Louisville, nilikuwa nimevaa suti. Riziki, niliyemwacha mgongoni, alikuwa msichana mrefu, akanirukia. Mama Riziki akanipa mkono. Mkono, kama mtu anavyomsalimia mwenyekiti wa kikao. Nyumbani alikagua makabati, akafungua bafu, akatazama chini ya kitanda. Nilidhani anaogopa panya. Usiku alilala chumba cha mtoto. Nikajisemea ni uchovu wa safari, miaka ni mingi, mpe nafasi. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Alipika, alifua, alinijibu kwa adabu, na hakunitazama usoni hata siku moja. Miaka saba nilikuwa nimemweka katika chumba kile cha kona, kwenye ukungu, na sasa alikuwa hapa kwa mwili, nami nikawa mpweke kuliko Buffalo.

Jumamosi moja akatoka chumbani amevaa kitenge cha harusi na kilemba cha kanisani.

"Papa Riziki, unipeleke kwa ule mama."

"Mama gani?"

"Ule wa kazi yako. Mama Kikapu. Leo."

Mimi mjinga nikafurahi! Nikaona hatimaye anataka kujua maisha yangu. Nikavaa haraka. Kwenye basi alikaa wima, mkoba juu ya magoti, midomo imefungwa. Tulipofika alitafuta lango, akauliza tunalipia wapi. Nikamwambia ni bure, kila mtu anaingia. Akasema, "Bon, sawa." Akatembea mbele yangu, na alipofika kwenye ile misingi akazunguka mpaka mlangoni ndipo akapita, ameinua kitenge kidogo asiguse kizingiti. Bwana Walter alikuwa kazini siku hiyo. Akaja akavua kofia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba amelisikia jina lake kila siku ya Mungu. Nikatafsiri. Mama Riziki akamsikiliza bila kupepesa macho.

"Na ule mama, eko wapi?"

"Huyu hapa," nikasema.

Akatazama nyuma ya benchi. Akatazama kule kwenye miti, ambako mwanamke mmoja wa Kizungu alikuwa anatembeza mbwa. "Wapi?"

"Huyu aliyekaa."

Akamsogelea. Akamtazama usoni, mikononi, kwenye kikapu. Akamgonga kichwani kwa pete yake, ko, ko, kama mtu anayenunua sufuria. Halafu akamgonga tena.

"Ni huyu ulikuwa unafunga fulari?"

"Ndiye."

"Ni huyu ulikuwa unaosha?"

"Ndiye, Mama Riziki. Ndiyo kazi yangu."

"Donc, kwa hiyo," akasema, na sauti yake ikawa ndogo, "miaka saba nilikuwa nalilia chuma?"

Hapo ndipo niliposikia yote, nimesimama kwenye jua na watalii wakipita. Alinieleza jinsi wanawake wa kambini walivyomfundisha kunisahau. Alinieleza kwamba katika mahojiano ya mwisho ofisa alimuuliza kama bado anataka kuungana na mume wake, naye akanyamaza. Akanyamaza mpaka mkalimani akarudia swali. Akanyamaza tena. Ofisa alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi. "Nilitaka kusema hapana," aliniambia. "Kinywa kilikuwa tayari. Nikamtazama mtoto, nikasema ndiyo, lakini ndiyo ile haikuwa yako."

Vijana wangu, mimi nimevuka mpaka na risasi nyuma yangu, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, kwa jambo ambalo lilikuwa limeshapita. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kifuliru cha nyumbani, nadhani hata kwa Kiingereza. Bwana Walter, ambaye hakuelewa neno hata moja, alichukua ufagio wangu akaenda kufagia mbali.

Mama Riziki alitoa kitambaa mkobani, akapangusa macho, akapangusa na ile nafasi tupu ya kwenye benchi. Akajifunga kitenge vizuri. Kisha akamwinamia yule mama wa shaba, karibu kabisa na sikio, akamwambia:

"Sogea kidogo, mama. Mwenyewe nimefika."